Usiku Namba Zilipokwisha

Saa nane na dakika ishirini usiku simu iliita. "Kaka, imegoma," kijana wa zamu akasema. Kanzidata ya malipo niliyokuwa nikiitunza, hapa Dar es Salaam, haikupokea tena muamala mpya.

Diski ilikuwa na nafasi, seva zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni namba. Jedwali la miamala lilijengwa miaka kumi na moja nyuma, na namba ya kila muamala ikatengewa biti 32. Hizo zikifika 2,147,483,647 hazina pa kwenda. Simlaumu aliyelijenga, wakati ule kampuni nzima ilikuwa na miamala elfu chache kwa siku.

Dawa inajulikana: ipanue safu iwe ya biti 64. Lakini PostgreSQL, programu ya kanzidata yetu, ukiibadilisha safu moja kwa moja, huliandika jedwali lote upya na kulifunga mpaka imalize. Kwetu hizo zilikuwa saa nyingi, na watu wanasubiri hela. Tukakumbuka kwamba nusu ya namba za biti 32 ziko chini ya sifuri na hazikuwahi kuguswa. Tukaanza kuhesabu kutoka -2,147,483,648 kwenda juu. Kabla ya adhana ya alfajiri miamala ikapita.

Hiyo ilikuwa ahueni tu; safu bado ilibidi ipanuliwe, na mateso hasa yakaanza hapo. Namba ya muamala ilinakiliwa katika majedwali zaidi ya mia mbili, na hapakuwa na maandishi yanayoyataja. Baadhi yaliiita "muamala_id", mengine "ref", moja likaiita "x2". Tukaweka safu mpya ya biti 64 kando ya ile ya zamani, kichochezi (trigger) kikaandika kote kuwili, tukahamisha mistari elfu kumi kumi, usiku baada ya usiku, kwa miezi minne.

Katikati ya kazi hiyo nilifuta safu niliyodhani haina mwenyewe. Kumbe orodha ya marejesho ya fedha iliitegemea. Mama mmoja mwenye duka alikaa siku sita bila mtaji wake. Nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani nyie hamuandiki?"

Tangu siku ile safu haiingii kwetu bila sentensi inayosema ni ya nini na nani anaisoma. Nawe unayetunza jedwali kubwa, usilale leo kabla hujaangalia namba yake ya mwisho imefika wapi.