Injini ya Mjomba: L24

Najua nimekuwa kimya kwa karibu miezi mitatu. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, sijaacha. Nilikuwa nyumbani Voi, mikono imejaa grisi, na leo nataka kuwasimulia nilichokuwa nikifanya. Leo hakuna hata mstari mmoja wa msimbo, lakini nadhani mkifika mwisho mtaona kwa nini nimeiweka kwenye ukurasa huu huu wa mambo ya kompyuta.

Mjomba wangu ni fundi wa magari, ana miaka 67. Tangu nikiwa darasa la pili, kwenye kona ya gereji yake pamekuwa na gari lililofunikwa turubai, juu limejaa ule udongo wetu mwekundu. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kulichezea. Gari lenyewe ni Datsun 240Z.

Kwa wasioijua: ni gari la michezo la milango miwili lililotengenezwa Japani na kuanza kuuzwa mwishoni mwa 1969, likilengwa hasa soko la Marekani. Kule Wamarekani walilipenda sana, na mpaka leo kuna wanaong'oa injini yake na kuweka V8 ya Chevrolet. Lakini sisi huku tunalijua kwa sababu nyingine. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mjomba alikuwa mtoto miaka hiyo, na anasema akisikia magari ya Safari yanakuja alikuwa akikimbia kutoka shambani mpaka barabarani. Gari lilipita kwa sekunde tatu tu, lakini mlio wake anaweza kukuigizia mpaka leo.

Hili alilinunua Mombasa likiwa tayari limekufa. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki hata kwa spana ndefu. Alisema atalitengeneza akipata nafasi, na miaka ikapita. Mwaka huu nilipokuja likizo nikamkuta ameanza kutetemeka mikono. Si sana, lakini zile sahani nyembamba za chuma za kupimia nafasi ya valvu, mafundi huziita fila, haziingizi tena bila kugusa pembeni. Akaniambia, "Mpwa wangu, hii injini ama tuifungue sasa, ama niiuze chuma chakavu." Mimi kazi yangu naweza kuifanya popote penye intaneti. Nikabaki.

Siku ya kwanza ulizuka mjadala. Vijana wa gereji walisema, mzee, kwa nini ujisumbue? Weka 1JZ ya Toyota Mark II, spea ziko kila mahali. Mwingine akasema kama hataki Toyota basi aweke L28 kutoka Nissan Patrol ya zamani. Hilo la pili lilikuwa na maana, kwa sababu L28 ni ndugu wa L24 iliyokuja na gari. Ukiziweka kando kwa kando, nje utaziona kama pacha, lakini ndani L28 ina lita 2.8 badala ya 2.4. Kitakachokuambia ukweli ni maandishi yaliyogongwa kwenye bloku.

Mjomba akakataa zote mbili. Nilidhani ni ukaidi wa wazee, kwa hiyo nikamuuliza vizuri jioni tukinywa chai. Akaniuliza kama najua habari za Wamarekani wa 1964. Sikuzijua. Mwaka huo Ford walileta kwenye Safari kundi la magari yao ya Mercury Comet yenye V8 ya lita 4.7. Yaliyomaliza mashindano yalikuwa mawili tu. Aliyeshinda ni Peter Hughes, kwa Ford Cortina GT, injini ya lita 1.5. Mjomba akasema nguvu peke yake si kitu kama gari zima halikupangwa kuibeba. Springi, breki, rejeta na gia za 240Z zilichaguliwa zifuatane na injini ile. Nikaelewa, maana nimeona mifumo mingapi ikianguka baada ya mtu kubadilisha sehemu moja tu, "ya kisasa zaidi"?

Basi tukaifungua L24. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kila moja kipenyo milimita 83, pistoni inasafiri milimita 73.7. Silinda zilikuwa zimelika na kuota kutu, ikabidi bloku lipelekwe Mombasa kupanuliwa kwa nusu milimita na kununuliwa pistoni za saizi hiyo. Nikakokotoa: kutoka sentimita za ujazo 2,393 tumefika 2,421. Nikamtania Mjomba kwamba injini yake si ya asili tena. Hakucheka! Alisema nusu milimita ni matengenezo ambayo kiwanda chenyewe kilitarajia, ndiyo maana chuma kiliachwa kinene. Lakini nilimwona usiku akirudi kuliangalia bloku kwa tochi, na nadhani swali lile lilimkera.

Tukafunga krankishafti, beringi, pistoni, cheni na hedi. Ndipo mimi, kwa kusomasoma, nikaleta jambo jipya: petroli. Injini hii iliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Risasi ile ilikuwa ikiacha utando kwenye siti za valvu, hasa za moshi, na utando huo ulizuia chuma kisilike. Petroli ya namna hiyo ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzoni mwa 2006. Mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako pale Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha kutumika kwenye magari duniani kote. Kwa lugha yetu sisi, hii ni programu nzuri inayotegemea maktaba iliyofutwa, na iliyofutwa kwa sababu njema. Huwezi kuirudisha. Lazima urekebishe programu.

Mjomba alifikiri siku mbili, akakubali hedi itolewe ikawekwe siti ngumu. Akasema, "Jumatatu tutaitoa pamoja."

Jumapili alikwenda kanisani Wundanyi. Mimi nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nilikuwa nimetazama video, nimesoma mwongozo, nina digrii ya kompyuta... nini kingenishinda? Nikafungua bolti ya gia ya kamshafti, nikaivuta gia. Cheni ikalegea. Kisha nikasikia mlio mdogo sana ndani kabisa ya injini. Tk.

Mafundi wa Datsun wanaosoma hapa tayari wameshika kichwa. Huko chini kuna tenshena, kile kidude chenye springi kinachoisukuma cheni isilegee. Kabla ya kutoa gia unatakiwa uchomeke kabari ya mbao katikati ya cheni ili iendelee kukibana. Usipoweka, kinaruka nje, na hakirudi kwa maombi. Ni mpaka utoe rejeta, feni, puli, ulegeze sampu, ufungue kava lote la mbele. Kazi ya wiki nzima nimeirudisha nyuma kwa sekunde moja.

Nilikaa pale kwenye ndoo nikingoja arudi. Nilifikiria pia kunyamaza, nifunge nione kama itajirekebisha. Nakiri hilo hapa kwa sababu nimewahi kuwaza hivyo hivyo nikiwa kazini, nikiwa nimevunja kitu kwenye seva na hakuna aliyeona.

Aliporudi nikamwambia. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye kabati, akatoa kipande cha mbao kilichochongwa kama kabari ndefu, kimekuwa cheusi kwa oili. Alikichonga mwenyewe zamani. Akasema, "Sikukuambia. Nilidhani kila mtu anajua." Akakaa kimya kidogo, halafu akasema maneno ambayo sikuyatarajia, kwamba kosa ni lake pia, kwa sababu kila anachokijua hakukiandika popote, na wanafunzi wake wote walijifunza kwa kumwangalia mikono. Sasa mikono yenyewe ndiyo hii.

Siku tatu tukafungua na kufunga kava la mbele. Hedi ikaenda, ikarudi na siti mpya. Valvu nilizipima mimi, zote 12: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa, injini ikiwa baridi. Yeye aliweka kidole juu ya mkono wangu na kuniambia "bado", "bado", mpaka fila ikawa inavutika kwa ule ukinzani anaoutaka. Hakuna video inayoweza kukufundisha hilo. Waya za plagi tukazipanga kwa mfuatano wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4, na nilizihesabu mara nne.

Iliwaka jaribio la tatu, saa kumi na moja jioni. Moshi mwingi mwanzoni, kisha ikatulia. Vijana wa gereji, hata yule wa 1JZ, walisimama bila kusema kitu. Mjomba aliinamisha sikio karibu na kabureta, akasema valvu ya nne inagonga kidogo, tutairekebisha kesho. Uso wake sikuuona, alikuwa amenigeuzia mgongo.

Wiki iliyofuata tuliipeleka mpaka Mwatate na kupanda kona za Wundanyi, mshale wa joto ukikaa katikati njia nzima. Yeye aliendesha kwenda, mimi kurudi.

Jioni hizi tunafanya kazi nyingine. Yeye anasema, mimi naandika: daftari moja kwa kila aina ya injini, hatua kwa hatua, pamoja na yale anayodhani kila mtu anajua. Peugeot 504 tumemaliza, sasa tuko kwenye Land Rover. Ukurasa wa kwanza wa daftari la L24 unaanza na kabari ya mbao, vipimo vyake na mchoro.

Na injini bado inavuja oili kidogo, tone moja moja, kwenye lile kava la mbele nililolifungua mimi. Mjomba anasema tuiache kwanza.

Haya, tuonane tena wiki ijayo, na safari hii nitarudi kwenye kompyuta.