Limevunjika, Limevunjwa

Mgeni anayeingia Kondoa wakati wa kiangazi huonyeshwa mto akacheka. Haoni maji. Huona njia pana ya mchanga mweupe, ng'ombe wamelala juu yake, wanawake wamechimba visima vidogo na kuteka kwa kata, na watoto wanacheza mpira mahali ambapo ramani imetiwa rangi ya buluu. Akiona daraja juu ya mchanga huo, hudhani kuwa lilijengwa kwa mazoea tu, kama mtu avaaye koti la mvua siku ya jua. Mwenyeji hamjibu. Humwachia Januari imjibu.

Mvua ya Kondoa ni ya msimu mmoja, toka Desemba hivi hata Aprili, na haiji kwa taratibu. Ikinyesha juu ya milima ya Irangi, maji huporomoka katika makorongo yamebeba udongo mwekundu, magogo na mawe, na mto uliokuwa uwanja wa mpira asubuhi haupitiki alasiri. Hayo huonekana na kila mtu. Lisiloonekana ni lile litendekalo chini, maana mchanga nao husafiri. Mafuriko huuchota kuzunguka nguzo za daraja, na nguzo ambayo msingi wake haukwenda chini vya kutosha hubaki imeegemea kitu kilichokwisha kuondoka. Maji yakipungua, mchanga mwingine huja ukalifukia shimo, ukalala laini na safi kama kwamba halikutokea neno. Apitaye kesho yake huona nguzo ile ile katika mchanga ule ule. Daraja limekwisha kufa, lakini halijaanguka bado.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, bibi kizee wa Kirangi, aliyekuwa akienda zahanati kuchukua dawa zake za presha, alimkuta kijana wa bodaboda amesimama ukingoni mwa mto.

"Shikamoo, bibi. Rudi nyumbani, daraja limekatika."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kalikata?"

Kijana alicheka, na watu waliosimama pale wakacheka pia, kwa kuwa Kiswahili cha wazee wa vijijini huchekwa upesi. Bibi hakucheka. Alisubiri jibu kwa kitambo, akaona halipo, akageuka. Alikaa juma zima bila dawa.

Swali lake lilikuwa swali la sarufi, na lilikuwa sahihi. Kiswahili kina kauli mbili zinazokaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Kioo kikivunjwa, yuko aliyekivunja, ajapokuwa hatajwi. Kikivunjika, hapana mtu. Kioo kimejitendea chenyewe, au kudura imekipitia. Wanafunzi hufundishwa tofauti hiyo katika mwaka wa kwanza, wakaisahau katika mwaka wa pili. Waandishi wa taarifa za ofisi hawaisahau kamwe. Daraja limevunjika, barabara imekatika, fedha hazikupatikana, ukaguzi haukufanyika: taarifa nzima huweza kuandikwa toka mwanzo hata mwisho bila kumkuta binadamu ndani yake. Na mtenda akihitajiwa kwa lazima, huletwa yule asiyeweza kuitwa mahakamani. Daraja limesombwa na mafuriko.

Si kwamba kauli ya kutenda haijulikani. Mwezi wa Aprili 2018, Rais John Magufuli alipozindua barabara ya lami ya Dodoma hata Babati, kilomita 251, na sherehe ikafanyika Kondoa, kila kitenzi kilikuwa na mwenyewe. Rais amezindua, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani wamekopesha, wakandarasi wamejenga. Na ilistahili kusemwa hivyo, kwa kuwa barabara ile ni neema, na aliyesafiri humo zamani za vumbi na matope hana haja ya kuhubiriwa. Lakini jiwe la uzinduzi, popote pale nchini, aghalabu huandikwa jina la mgeni rasmi na tarehe. Haliandikwi jina la mhandisi aliyepima kina cha msingi, wala siku ambayo daraja litatazamwa tena.

Kondoa yenyewe ina kisa kinachoonyesha kuwa mtenda hupatikana akitafutwa. Mmomonyoko wa udongo katika milima ya Irangi ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha, na mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 iliamriwa kuwa mifugo yote iondoke katika eneo la kiasi cha kilomita za mraba 1,250. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walihamishwa. Hakuna aliyesema kuwa milima imemomonyoka yenyewe. Ilisemwa wazi kwamba mifugo imeila ardhi, na mifugo hiyo ina wenyewe. Majani na miti ilirudi, na amri ile ina watetezi wake mpaka leo; yamkini wana haki. Lakini mfugaji mwenye mbuzi kumi alipatikana bila taabu. Mwenye saini chini ya mchoro wa daraja ni shida gani kumpata?

Aghalabu anayepatikana ni mdogo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililochukua waimbaji wa kwaya waendao harusini lilisombwa katika mto Enziu, Kitui, nchini Kenya, na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva alilaumiwa kwa kuyaingia maji, na kwa kweli aliyaingia. Daraja lenyewe lilikuwa la chini, la namna ambayo mto ukijaa hupita juu yake; lakini daraja halina mkono wa kushika usukani, kwa hiyo halikulaumiwa sana.

Nchi hiyo hiyo ina kisa cha daraja la Sigiri, juu ya mto Nzoia katika Busia. Lilianguka mwezi wa Juni 2017 likingali linajengwa, majuma mawili hivi baada ya Rais kulikagua. Hapa tena lugha inastahili kutazamwa. Rais hukagua gwaride, na mhandisi hukagua nguzo. Neno ni moja, kazi ni mbili. Mmoja hupita akapungiwa mikono. Mwingine hushuka chini ya daraja na nyundo, akapiga zege na kusikiliza, akachimba mchanga hata aone msingi, akatoka na matope magotini na daftari mkononi. Huyu wa pili hapigwi picha, na fedha za safari yake ndizo za kwanza kupunguzwa.

Wamarekani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 15 Desemba 1967, daraja lililoitwa Silver Bridge, lililokuwa limesimama juu ya mto Ohio tangu 1928, lilianguka likiwa na magari, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wa milimita chache katika kiungo kimoja cha chuma, mahali pasipoweza kuonekana bila kukifungua kiungo chenyewe. Mwaka uliofuata Bunge lao liliagiza kanuni za ukaguzi kwa nchi nzima, na tangu 1971 madaraja makuu yakawekewa zamu ya kutazamwa kila miaka miwili. Madaraja bado huanguka huko. Ila likianguka, lipo daftari la kufunguliwa, na katika daftari limo jina.

Tanzania haikosi wa kuulizwa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS tangu mwaka 2000. Za wilaya na vijiji ni za TARURA tangu 2017. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina uwezo wa kufuta jina la mhandisi. Machi 2020 maji yalipoikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Kiyegeya, na magari ya kwenda makao makuu ya nchi yakazungushwa kwa njia ya Iringa, wakubwa walifika haraka. Kijiji kikikatika na zahanati yake, mwenye kufika ni kijana wa bodaboda. Bibi hajui TARURA ni nini. Anamjua diwani, na diwani humwambia kuwa bajeti haijapitishwa.

Mwezi wa Agosti mto ulikuwa mchanga tena. Kipande cha daraja kilikuwa kimelala pale pale kilipoangukia, nondo nje, na watoto walikuwa wamekifanya goli. Bibi alipita kando yake kwa miguu akienda zahanati. Mbele kidogo, karibu na nguzo moja iliyobaki imesimama, lori lilikuwa limeegeshwa na vijana wanne wanalijaza mchanga kwa makoleo. Walimwamkia kwa adabu, akaitikia, akatazama shimo walilolichimba, akauliza jina la mwenye lori.