Barua ya Chemchemi

Sisi tunaofundisha lugha hudhani mara nyingi kwamba uzito wa maneno hupimwa darasani, kwa kalamu nyekundu. Mimi nilifunzwa uzito huo nje ya darasa, chini ya mwembe, na akina mama ambao wengi wao hawakupata kumaliza shule ya msingi. Naomba nafasi katika kurasa hizi niwasimulie wenzangu ilivyokuwa.

Kijiji ninachokisema kipo mashariki ya Uganda, upande wa Tororo na Busia, si mbali na mpaka wa Kenya. Wasamia, Wateso na Wajapadhola huishi hapo bega kwa bega, kila kabila na lugha yake. Wakutanapo sokoni au kikaoni hutumia Kiswahili, kwa kuwa si mali ya mmoja wao. Mwaka 2014 kikundi cha akina mama wa hapo kilinijia na haja. Walikuwa wakiteka maji katika chemchemi iliyo wazi, ambamo ng'ombe hunywa na mvua huingiza taka za mashambani. Walitaka kuikinga: kuchimba hadi kwenye jicho la maji, kulizungushia mawe na udongo wa mfinyanzi, kujenga ukuta wenye bomba, na kuchimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Mawe na mchanga walikuwa wamekwisha kusanya. Walichokosa ni saruji, bomba na ujira wa fundi mwashi. Saruji yenyewe hutengenezwa Tororo, karibu nao kabisa. Lakini ujirani haupunguzi bei.

Walikuwa wamesikia habari za chama kidogo cha hisani huko Uingereza ambacho husaidia kazi ndogo ndogo za vijijini. Chama hicho hakina ofisi wala mfanyakazi wa mshahara. Wanachama wake, wengi wao wastaafu, huuza keki na vitabu vikuukuu, na mweka hazina hupiga hesabu nyumbani kwake, juu ya meza ya chakula.

Vyama vya namna hii ni vingi, na asili yao si ya jana. Oxfam, ambayo leo ni shirika kubwa, ilianza mwaka 1942 ikiwa ni kamati ya raia wa mji wa Oxford, waliotaka Wagiriki waliokuwa wakifa njaa wakati wa vita wapelekewe chakula. Mwaka 1979 mume na mke wa Marekani, Glen Leet na Mildred Robbins Leet, walianzisha Trickle Up. Walianzia katika kisiwa cha Dominica, wakiwapa maskini dola 100 za kuanzishia biashara, nusu kwanza na nusu baada ya kuonyesha kazi. Sheria za Uingereza nazo husaidia: chama cha hisani kinachotambuliwa huweza kudai serikalini peni 25 juu ya kila pauni iliyotolewa na mlipa kodi. Lakini shina la yote ni mtu mmoja mmoja anayejitolea. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi nikakubali kuwaandikia barua kwa Kiingereza. Nina stashahada ya ualimu, nikajiona najua jinsi ya kumlainisha msomaji. Niliandika kwamba sisi ni watu tusio na kitu, kwamba watoto wetu wanakufa kila siku, na kwamba hatuna tumaini ila kwa wafadhili hao. Niliposoma tena, barua ilinipendeza.

Akina mama wakataka niwasomee kwa Kiswahili kabla hawajatia dole gumba. Nikafasiri sentensi baada ya sentensi, na kila nilivyoendelea, sauti yangu ilipungua. Maneno yaliyopita bila kelele katika Kiingereza yalisimama wima katika Kiswahili, mbele ya watu yaliyowahusu.

Mwenyekiti wao, mama wa makamo, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hapo uliposema hatuna kitu, yale mawe tuliyoyabeba mwezi mzima ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Kisha akazungumza mama mwingine, aliyekuwa amekaa nyuma. "Mwalimu, samahani. Mimi mtoto wangu alikufa mwaka jana kwa kuhara. Alikuwa mmoja. Usimfanye kuwa wengi."

Hakulia, wala hakuniangalia kwa hasira. Nikaikunja ile barua nikaitia mfukoni.

Nikajaribu kujitetea. Nikawaambia kwamba waombaji ni wengi na fedha ni chache. Tukisema ukweli mtupu huenda tukaachwa, na watoto waendelee kunywa maji yale. Hofu yangu haikuwa ya uongo. Mwenyekiti akajibu, "Tukiachwa, tutaachwa na jina letu. Sisi tumechanga. Andika kwamba tunawaomba nao wachange."

Neno hilo lilinizindua. Mimi nilikuwa nimefikiria msaada, ambao hutoka kwa aliyenacho kwenda kwa asiyenacho. Yeye alisema mchango, ambao huwekwa na wengi mahali pamoja, wa kwako kando ya wangu.

Barua ya pili tuliitunga pamoja, kwa Kiswahili kwanza. Ilitaja idadi ya nyumba zinazoteka maji pale, shehena za mawe zilizokwisha kubebwa, bei ya saruji dukani, na kwamba kila nyumba italipa kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Habari ya mtoto ilichukua mstari mmoja, kama mama yake alivyotaka. Nikaifasiri bila kuongeza chumvi, nikaituma.

Tulingoja zaidi ya miezi miwili, na siku hizo sikupita njia ya chemchemi kwa raha. Jibu lilipofika, halikutoa fedha zote tulizotaja, wala halikutoa kwa mara moja: nusu kwanza, na nusu baada ya stakabadhi na picha za msingi. Akina mama walichanga kilichopungua. Kabla ya mwaka kwisha bomba lilianza kutoa maji safi. Miaka mitatu baadaye mvua kubwa iliubomoa ukuta upande mmoja. Walitoa akiba yao wakamwita fundi, nami nilipata habari kazi ilipokwisha.

Sitaki kusema kwamba ukweli hulipwa daima. Yapo maombi ya kweli yaliyotupwa. Ninalosema ni kwamba barua ile ya kwanza, hata kama ingeleta fedha zote, ingewafanya watu wale waombaji katika kijiji chao wenyewe.

Tangu hapo, nifundishapo utungaji wa barua rasmi, huwataka wanafunzi wamsomee barua yule inayemhusu, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kuipeleka. Huona ni kazi ya ziada. Ile ya kwanza ningali nayo, ndani ya kitabu changu cha sarufi, na mikunjo yake yote.