Mbwa Aliyekatazwa Maziwa

Nyumbani kwangu Karatu, karibu na msitu wa Ngorongoro, nina mbwa aitwaye Mlinzi. Kazi yake ni kulinda shamba la mahindi, maana nyani na nguruwe-mwitu hutoka msituni wakala jasho la mkulima. Kwa kuwa nilimpenda, kila asubuhi nilimpa ugali na maziwa ya ng'ombe, na jioni mabaki ya nyama.

Hata mwaka mmoja Mlinzi akaanza kujikuna usiku na mchana. Manyoya yakamtoka tumboni, masikio yakawa mekundu. Jirani yangu akaniambia, "Mwalimu, mbwa huyu ana upele. Mwue, asije akawaambukiza watoto." Maneno hayo yalinichoma moyo, wala sikuwa na jibu.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akamkwangua ngozi kidogo, akatazama kwa hadubini, akasema, "Sioni vijidudu vya upele, wala viroboto. Labda mwili wake unakataa chakula fulani. Jambo hili huitwa mzio. Mara nyingi kinachokataliwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano. Kwa majuma manane mpe maji na vyakula viwili tu ambavyo hajapata kuvila."

Basi nikanunua sokoni viazi vitamu na dagaa wa Ziwa Victoria wasio na chumvi. Nikavichemsha bila kitunguu. Maana kitunguu, ambacho wenzetu wa Mang'ola hulima kwa wingi, ni sumu kwa mbwa.

Juma la tano ngozi ilikuwa imeanza kupona. Ndipo mwanangu mdogo akamhurumia, akampa kikombe cha maziwa kwa siri. Kesho yake Mlinzi akajikuna hata akatoka damu. Mtoto akalia, akaungama. Sikumpiga, kwa kuwa alilotenda kwa upendo siku moja, mimi nilikuwa nimelitenda miaka mingi. Tukaanza kuhesabu majuma upya.

Majuma manane yalipotimia, manyoya yalikuwa yameota. Nikarudisha vyakula vya zamani kimoja kimoja, kila kimoja kwa majuma mawili. Ugali haukumdhuru. Nyama haikumdhuru. Maziwa yalipokuja, siku ya pili akajikuna. Nikayaondoa kabisa. Sasa hula ugali, nyama, viazi na dagaa, kwa maana vyakula viwili tu havimtoshi mbwa siku zote.

Yule jirani aliyetaka auawe, leo huja kumwazima Mlinzi mahindi yanapokomaa.

Enyi wanafunzi, kama ningalirudisha vyakula vyote kwa siku moja, nisingalijua kamwe kipi kilikuwa adui. Tena jifunzeni neno hili: kumpenda mnyama si kumpa kile tukipendacho sisi, bali ni kumtazama kwa subira mpaka tujue kimfaacho.