Dawa Imemkubali? Mashavu Hayatoshi

Mama mwenzetu, huku kwetu Mbagala na Chamazi dawa hupimwa kwa mashavu. Aliyeanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akinenepa, majirani husema, "Dawa imemkubali." Naye mwenyewe huamini hivyo. Hata sisi wauguzi, dawa hizo zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, tulitegemea sana mizani na hesabu ya chembe za CD4, yaani askari wa mwili. Vilitusaidia, ila habari zake huchelewa. Virusi huweza kuongezeka kwa miezi mingi huku mwili ukiwa bado unang'aa.

Ndiyo maana siku hizi kliniki hupima wingi wa virusi vyenyewe. Vikifika 1,000 au zaidi katika mililita moja ya damu, pana jambo. Mgonjwa hushauriwa kuhusu umezaji wa dawa, kisha hupimwa tena.

Akina mama hutuuliza, kwa nini basi tuamini namba? Swali zuri, maana namba nayo hudanganya. Miaka ya 1990 wataalamu waliona kwamba wajawazito wenye VVU na vitamini A kidogo katika damu ndio walioambukiza watoto zaidi. Ikaonekana jambo jepesi: ongeza vitamini, mtoto atakingwa. Hapa hapa Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1995, wajawazito zaidi ya 1,000 walishiriki utafiti wa Muhimbili na wenzao wa Harvard. Waliopewa vitamini A waliambukiza watoto wao zaidi kuliko wasiopewa! Lakini waliopewa vitamini za B, C na E, CD4 zao zilipanda, na ugonjwa kweli ulikwenda polepole, kama ilivyotangazwa mwaka 2004. Akina mama wa mji huu huu. Kipimo kimoja kikasema kweli, kingine kikapotosha. Wingi wa virusi unaaminiwa kwa kuwa umejaribiwa: ukishuka na kubaki chini, maradhi na maambukizo hupungua kweli.

Kwa mama anayenyonyesha, namba hiyo ni ya watu wawili.

Mwaka huu, katika matembezi yetu ya Jumamosi na akina mama wa kanisa, tulimfikia mmoja mwenye mtoto wa miezi mitano. Mnene, mchangamfu, anauza mihogo ya kukaanga. Majibu yake yalikuwa zaidi ya 20,000. "Dada nesi, hebu niangalieni vizuri," alisema, "mimi ni mgonjwa?" Tulirudi mara tatu ndipo akafunguka: dawa alizificha kwa jirani, mumewe asijue, na jirani akisafiri siku zilipita hivi hivi. Hatukumgombeza. Mwanamke anayeogopa kufukuzwa na kichanga mgongoni ana hesabu zake.

Alituomba tuwepo siku ya kumwambia mumewe. Baba yule alinyamaza siku mbili, ya tatu akaenda kupima. Dawa sasa zinakaa kabatini, juu ya unga.

Miezi mitatu baadaye namba ilikuwa chini ya 50. Mtoto amepimwa mara mbili, hana virusi. Kipimo cha mwisho ni baada ya kuacha kunyonya.