Nusu ya Sentensi Yangu

Juma lililopita, tulipokuwa tukisoma msamiati wa mahakamani, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mtoto naye anaweza kuwa na wakili wake. Nilimjibu kwamba anaweza, tukaendelea na somo. Jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka 11, nilisimamishwa mbele ya hakimu katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda. Wazazi wangu walikuwa wakiachana. Baba alikuwa na wakili, na mama pia. Mimi na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minne, tulikuwa tumekaa benchi la nyuma tukisubiri kuitwa.

Kwetu Uganda mashauri huendeshwa kwa Kiingereza. Hakimu aliuliza ningependa kuishi na nani, karani akanitafsiria. Nikajibu kwa Lugisu: popote, mradi niwe na mdogo wangu. Karani akamgeukia hakimu, akasema kwamba mtoto anasema popote. Nilikuwa darasa la tano, na Kiingereza changu kilitosha kunijulisha kuwa nusu ya sentensi yangu ilikuwa imeachwa. Nilimtazama wakili wa baba, kisha wakili wa mama. Wote wawili walikuwa wenyeji wa kwetu, na Lugisu waliifahamu vizuri. Hakuna aliyesimama. Siwalaumu sana: kila mmoja alilipwa kuutetea upande wake, na maneno yangu hayakuufaa upande wowote.

Nikabaki na baba kijijini, chini ya Mlima Elgon. Mdogo wangu akaenda na mama kwao Jinja.

Wakati huo Uganda ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao ibara yake ya 12 inampa mtoto nafasi ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi. Angalieni neno hilo, wanafunzi wangu: mwakilishi na wakili ni ndugu wa shina moja. Baadaye ilikuja Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika 1997, ikaunda mahakama za familia na watoto. Humo shauri husikilizwa faragha, kwa kuulizana badala ya kushindana, na mtoto ana haki ya kuwa na wakili. Tanzania iliweka haki kama hiyo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Kenya, kwa sheria yake ya 2022, inairuhusu mahakama kuagiza mtoto asiye na wakili apatiwe mmoja.

Mwalimu mwenzangu hudai kwamba haya ni anasa, kwa kuwa afisa wa ustawi wa jamii humwandikia hakimu taarifa kuhusu mtoto. Taarifa hiyo ina faida kubwa, sikatai. Ila afisa huandika yale anayoona yanamfaa mtoto. Wakili hupeleka yale mtoto anayosema, hata yakiwa ya kitoto. Hakimu anahitaji yote mawili kabla ya kuamua, na si lazima aamue kama mtoto anavyotaka. Mimi sikutaka kumchagulia hakimu hukumu. Nilihitaji mtu mmoja wa kusimama na kusema: Mheshimiwa, jibu halijatafsiriwa lote.

Ugumu uko kwenye malipo. Wakili wa mtoto akilipwa na baba, atamwangalia baba. Akilipwa na mama, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo uhuru wake hautokani na cheo wala kiapo, bali na nani aliyemteua na nani anayemlipa. Ndiyo maana naona mahakama ndiyo imteue na fedha zitoke serikalini. Familia kama yetu, iliyouza ng'ombe wawili kwa ajili ya mawakili wawili, isingeweza kumlipa wa tatu.

Mdogo wangu sasa ni dereva wa malori yaendayo Mombasa. Alikulia katika Lusoga, na Lugisu imemtoka kabisa. Tukikutana, tunazungumza Kiswahili.