Guntersville: Samaki Akirudishwa Ziwani, Na Aishi

Sisi tumezoea kwamba samaki akishavuliwa, safari yake ni moja tu: kikaangoni. Mama wa Mwanza, wa Kisumu au wa Kigoma hanunui samaki sokoni ili akamrudishe majini. Lakini wako watu wanaolipa kiingilio, wanaamka usiku wa manane, wanavua kutwa nzima juani, na jioni wanawarudisha samaki wao ziwani wakiwa hai. Mahali pazuri pa kuwaona watu hao ni mji mdogo wa Guntersville, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani.

Mji uliokumbatiwa na maji

Guntersville uko kaskazini-mashariki mwa Alabama, kando ya Mto Tennessee. Mwaka 1935 shirika la serikali liitwalo TVA lilianza kujenga bwawa hapo kwa ajili ya umeme, usafiri wa majini na kuzuia mafuriko. Kazi ilikamilika mwaka 1939. Maji yalijaa mabondeni, na mji ukabaki kama rasi, ziwa likiuzunguka karibu pande zote. Ziwa hilo ndilo kubwa kuliko yote katika Alabama: lina eneo la takriban hekta 28,000 na urefu wa zaidi ya kilometa 120.

Mgeni anayeingia mjini kwa daraja huona vilima vyenye misitu, minara ya makanisa, na mashua zikivutwa na magari barabarani kana kwamba kila nyumba ina yake. Ziwani kuna majani mengi ya majini, mengine yametanda juu kama mkeka. Chini ya mkeka huo kuna kivuli, na kivulini ndimo anamojificha samaki ambaye watu huja kumtafuta kutoka mbali.

Samaki huyo ni besi mdomo-mpana. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na kinywa chake ni kipana hata taya lake hupita nyuma ya jicho. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, lakini wasomaji wetu wa Naivasha wanamjua vizuri. Jamii yake ilipandikizwa katika ziwa lao mwishoni mwa miaka ya 1920, na huko huishia mezani.

Mashindano yalivyoanza

Mwaka 1967 mtu mmoja wa Alabama, Ray Scott, aliyekuwa wakala wa bima, aliandaa mashindano ya kuvua besi katika Ziwa Beaver, jimbo la Arkansas. Kutokana na wazo lake kilizaliwa chama kikubwa cha wavuvi wa besi kiitwacho B.A.S.S. Kila mvuvi huvua kwa ndoana na mshipi, na mwisho wa siku samaki wake wakubwa, kwa kawaida watano, hupimwa kwenye mizani. Mwenye uzito mkubwa ndiye mshindi.

Miaka ya mwanzo samaki hao walifika kwenye mizani wakiwa wamekufa. Watu walianza kunung'unika: maziwa yataisha! Mwaka 1972 Scott alianzisha kampeni ya kuwataka wavuvi wasiue samaki waliowavua. Mashua zikawekwa matangi yenye pampu za hewa, ili besi akae humo akiwa hai mpaka apimwe na kuachiwa. Mvuvi anayeleta samaki mfu hupunguziwa uzito. Katika mashindano ya B.A.S.S. adhabu imekuwa wakia 4, yaani kama gramu 113, kwa kila samaki aliyekufa.

Guntersville imepokea mara tatu fainali kuu ya chama hicho: mwaka 1976, 2014 na 2020. Lakini zaidi ya hizo yapo mashindano madogo mengi ya vilabu, ya marafiki, na hata ya wanafunzi wa sekondari, ambao huvua wakiwa na mtu mzima wa kuwaendeshea mashua.

Adui aitwaye joto

Wakati wa baridi kumtunza samaki hai si kazi ngumu. Taabu huja majira ya joto, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti. Hewa ya Alabama hupita nyuzi joto 32, na maji ya juu ya ziwa hukaribia 30.

Kina mama tunajua kwamba soda ya moto hupoteza gesi yake upesi kuliko ya baridi. Oksijeni nayo haikai vizuri katika maji ya moto. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Wakati huohuo, mwili wa samaki ukipata joto huhitaji oksijeni zaidi. Basi mahitaji yanapanda huku akiba inashuka.

Sasa fikiria besi watano, pengine wenye uzito wa kilo 10 kwa jumla, katika tangi la lita 100 lililofunikwa ndani ya mashua. Wamechoka kwa kupigana na mshipi. Wamejeruhiwa midomo. Wanapumua kwa nguvu, na uchafu wao unaongezeka ndani ya maji. Mvuvi akizima pampu ili kuokoa betri, hewa humo hushuka kwa muda mfupi. Samaki hatapiga kelele. Ataendelea kupumua kimya, na mvuvi asiyejali atadhani mambo ni shwari.

Kazi inayoanzia jikoni

Mwaka 2002 wataalamu wawili wa samaki, Gene Gilliland na Hal Schramm, walitoa kitabu cha mwongozo juu ya kuwaweka besi hai wakati wa mashindano. Mengi katika ushauri wa namna hiyo ni mambo ambayo mama wa nyumbani angeyaelewa mara moja.

Kwanza, barafu. Chupa za plastiki hujazwa maji na kugandishwa nyumbani siku chache kabla. Mvuvi huweka chupa moja au mbili katika tangi, ikiyeyuka hubadilisha. Chupa hubaki imefungwa, kwa sababu maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza matamvua ya samaki. Lakini kiasi ni muhimu! Maji ya tangi yapoe kwa nyuzi 4 au 5 tu chini ya yale ya ziwa. Ukizidisha, samaki hupata mshtuko siku ya kuachiwa, sawa na mtoto anayetolewa katika maji ya uvuguvugu na kutumbukizwa katika maji ya barafu.

Pili, chumvi. Gramu 300 hadi 500 katika tangi la lita 100 humsaidia samaki asipoteze chumvi ya mwili wake anapotaabika. Iwe chumvi isiyotiwa madini joto.

Tatu, maji. Pampu isizimwe hata dakika moja. Maji yaliyopozwa yazungushwe humohumo tangini, na kila baada ya saa tatu hivi nusu yake yamwagwe na kujazwa mapya ili kuondoa uchafu, kisha barafu na chumvi viongezwe tena.

Nne, mikono. Ngozi ya besi imefunikwa na ute unaomkinga na magonjwa. Mkono mkavu, taulo au zulia la mashua huufuta ute huo. Mvuvi mwema hulowesha mikono kwanza, humshika samaki mzito kwa mikono miwili, mmoja mdomoni na mwingine chini ya tumbo, na humrudisha majini upesi.

Nyuma ya jukwaa

Ikifika saa tisa alasiri mashua hurejea. Watu hujaa ufukweni, watoto hupanda mabegani mwa baba zao, na mtangazaji huita majina kwa kipaza sauti. Mvuvi huinua besi wake wawili juu, na makofi hupigwa.

Lakini, msomaji, ukifika mahali pale usiangalie jukwaani tu. Zunguka nyuma, utazame foleni. Pale ndipo maisha ya samaki yanapoamuliwa. Kila mvuvi amebeba mfuko wa plastiki wenye samaki watano na maji kidogo. Hewa iliyo katika mfuko huo ni ya dakika mbili hivi. Foleni ikichukua dakika kumi kwa sababu mtangazaji anapenda mzaha, samaki wanakosa pumzi huku watu wakicheka. Waandaaji wenye busara huweka mabeseni makubwa yenye maji baridi na oksijeni kando ya foleni, ili mifuko itumbukizwe humo wakati wa kungoja. Baada ya mizani, samaki huingizwa katika mashua maalumu yenye matangi na kupelekwa mbali penye maji mazuri, badala ya kumwagwa wote mahali pamoja penye maji ya moto karibu na gati.

Hapa ndipo ulipo ukweli mchungu. Besi anaweza kuondoka kwenye mizani akichezesha mkia, akahesabiwa kuwa hai, mvuvi asikatwe hata gramu moja, kisha akafa siku ya pili au ya tatu. Wataalamu waliowafuata samaki walioachiwa wameona kwamba vifo vya namna hiyo huongezeka maji yanapokuwa ya moto. Hakuna mtangazaji anayevitaja. Zawadi zimeshagawiwa, na watu wameshakwenda nyumbani.

Isipotee bure

Baadhi yetu tutasema: "Si wangewala tu?" Swali hilo ni la haki. Kula samaki si dhambi. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa kando ya ziwa. Samaki aliyelisha watoto wa mtu hakufa bure, na samaki aliyerudishwa akaishi na kuzaa hakuvuliwa bure. Anayesikitisha ni yule wa tatu: hakuliwa na mtu, wala hakuishi. Tunakumbuka Injili ya Yohana sura ya 6, jinsi Yesu alivyowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia baada ya watu kushiba, ili kisipotee chochote. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate na samaki hakutaka makombo yatupwe. Sisi tusioweza kuumba hata gamba moja la samaki tutajitetea vipi?

Kwa sababu hiyo wako waandaaji wanaokubali hasara. Majira ya joto hufupisha saa za kuvua, au hushindana usiku kunapokuwa na ubaridi. Wengine hupunguza idadi kutoka samaki watano hadi watatu. Wengine wameacha kabisa kuwabeba: katika mashindano ya Bass Pro Tour, yaliyoanza mwaka 2019, samaki hupimwa ndani ya mashua na kurudishwa palepale. Makofi ya jukwaani hupungua, na pengine fedha pia. Lakini besi hurudi kivulini kwake baada ya dakika chache tu.

Tena watoto wanaona. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Kijana anayetumwa kuangalia pampu kila nusu saa, kubadilisha chupa ya barafu, na kuacha kuvua ili awahudumie viumbe asiotarajia kuwala, anajifunza jambo ambalo kikombe cha ushindi hakifundishi. Mithali 12:10 inatuambia kwamba mtu mwenye haki hujali hata uhai wa mnyama wake. Hapo hakutajwa kwamba awe anatazamwa.

Ukibahatika kufika Guntersville mwezi wa Julai, pita ufukweni jioni baada ya viti kukunjwa. Huenda utaiona ile mashua ya matangi ikienda taratibu kuelekea maji ya kina, na mtu mmoja au wawili wamesimama nyuma, wakiwaachia samaki mmoja mmoja na kungoja waone kama kila mmoja ameshika njia yake. Hakuna anayewapigia makofi. Mama, mwonyeshe mwanao mashua hiyo.